Nyanya na Hoho Chini ya Taa: Kutambua na Kurekebisha Makosa ya Kupogolea

Kwenye hema dogo la kuoteshea, lenye sakafu ya sentimita 60 kwa 60 au mita 1 kwa 1, makosa mengi yanayosingiziwa mbolea huwa ni ya mkasi. Mkulima amekata mapema mno, au amekata mengi kwa siku moja, au ameuacha mmea ujiotee mpaka umegusa taa ndipo akapaniki. Jani hulisha tunda, na taa hulisha jani. Ukikata bila kujua taa yako inaweza kulisha kiasi gani, tiba zote zitakazofuata ni za kubahatisha.

Kwa hiyo kabla ya kutafuta dalili yako hapa chini, pima vitu vitatu.

Kwanza urefu uliobaki. Hema la sentimita 180 halikupi mmea wa sentimita 180. Toa ndoo (30), toa taa pamoja na kamba zake (20), toa nafasi kati ya taa na ncha ya mmea (35). Umebaki na sentimita 95. Nyanya ya aina inayorefuka bila kikomo itakupa vichala vitatu hivi vya matunda kwenye urefu huo. Usipange zaidi.

Pili mwanga. Nyanya inayozaa inataka maikromoli 400 hadi 600 kwa mita ya mraba kila sekunde, kwa saa 14 hadi 16 kwa siku. Kama huna kipima mwanga, tumia wati: taa nzuri ya LED inayokula wati 100 za kweli kwenye soketi inatosha sentimita 60 kwa 60, na mita 1 kwa 1 inahitaji wati 250 hadi 300. Namba kubwa iliyoandikwa kwenye boksi la taa usiihesabu. Wala usiwashe taa saa 24 ukidhani unaongeza mavuno, kwa sababu nyanya ikinyimwa giza majani hupata madoa ya njano kisha hudumaa.

Tatu unene wa shina. Shuka sentimita 15 kutoka kwenye ncha, upime shina hapo. Nyanya iliyo sawa ina milimita 10 hadi 12. Kipimo hiki kimoja kitakuambia mengi kuliko rangi ya majani.

Mmea mrefu, shina jembamba, majani yako mbalimbali

Shina liko chini ya milimita 8, na kati ya kichala kimoja na kingine kuna sentimita 30 au zaidi. Mmea unatafuta mwanga. Sababu ya kawaida ni taa iliyo juu mno au iliyo dhaifu. Ya pili, ambayo wengi hawaifikirii, ni joto: hema likiwa na nyuzi 28 usiku na mchana huku mwanga ni mdogo, mmea unakua haraka kuliko unavyoweza kujilisha. Ya tatu ni msongamano. Mimea minne ya nyanya ndefu kwenye sentimita 60 kwa 60 ni mitatu ya ziada.

Usianze na mkasi. Shusha taa mpaka sentimita 30 hadi 40 juu ya ncha, ukiishusha sentimita 5 kila baada ya siku mbili ili majani yazoee. Teremsha joto la usiku mpaka nyuzi 17 hadi 19 kwa kuacha feni ya kutolea hewa ifanye kazi taa zikiwa zimezimwa. Shina jipya litakaloota baada ya hapo litakuwa nene. Lile la zamani halitanenepa sana, na halina tatizo mradi limefungwa vizuri.

Urefu uliokwisha kuzidi unatatuliwa kwa kulaza shina. Ondoa majani ya chini kabisa, legeza kamba, kisha zungusha sehemu ya shina iliyobaki wazi juu ya udongo, kuuzunguka mdomo wa ndoo. Shusha sentimita 20 hadi 30 kwa wiki, usizidishe. Wakulima wa mabanda makubwa hufanya hivi msimu mzima, na shina moja hufikia mita kadhaa likiwa limelala chini huku ncha ikibaki palepale karibu na mwanga.

Shina nene kama kidole gumba, majani tele, maua hakuna

Hapa shina limepita milimita 14, majani ya juu yamejikunja kuelekea chini kama makucha, na mara nyingine kichala cha maua kinaishia kwa kutoa jani au tawi dogo. Mmea una nguvu nyingi na hauna pa kuzipeleka zaidi ya majani.

Angalia mbolea kwanza. Mbolea ya kukuzia yenye naitrojeni nyingi inapaswa kuisha kichala cha kwanza kinapochanua. Baada ya hapo potasiamu iwe karibu mara mbili ya naitrojeni. Kisha jiulize kama uliondoa maua ya kwanza. Kwenye nyanya, kung'oa kichala cha kwanza "ili mmea upate nguvu" ndiyo njia ya haraka ya kuuharibu mwelekeo wake. Tunda ndilo breki ya majani. Kiache.

Tena jiulize kama ulikata ncha au matawi mengi kwa mpigo mmoja. Mizizi iliyokuwa inalisha mmea mzima sasa inasukuma maji na chakula kwenye vichomozo vichache, navyo vinavimba. Tiba yake inashangaza wengi: acha chipukizi moja au mawili yakue wiki mbili yamalize nguvu hiyo, punguza maji kidogo, na ongeza tofauti ya joto kati ya mchana na usiku ifike nyuzi 6 hadi 8. Maua yakishika, ndipo uondoe machipukizi yale.

Machipukizi ya kwapani yamekuwa msitu

Chipukizi la kwapani ni lile linaloota kwenye kona kati ya jani na shina. Kichala cha maua hakiotei hapo. Hutokea kwenye shina lenyewe, katikati ya jani na jani. Ukikumbuka hilo hutang'oa maua kwa bahati mbaya.

Pitia mmea kila siku ya nne au ya tano na uondoe machipukizi yakiwa na sentimita 3 hadi 8. Madogo zaidi ya hapo ni rahisi kuchubua shina, na makubwa zaidi yanaacha kidonda. Fanya hivyo saa chache baada ya taa kuwaka, mmea ukiwa umejaa maji: chipukizi linakatika kwa mkono likipindwa upande mmoja kisha wa pili. Likiwa nene kuliko penseli, tumia mkasi na ukate usawa wa shina. Kile kisiki cha sentimita mbili ambacho watu hukiacha "kwa usalama" ndicho ukungu wa kijivu huanzia.

Ukikuta msitu umeshaota, usiusafishe kwa siku moja. Chagua chipukizi moja, lile lililo chini tu ya kichala cha kwanza, kwa sababu ndilo lenye nguvu kuliko yote, na ulifanye shina la pili. Mengine yaondoe kwa awamu tatu, kila baada ya siku nne. Kwa awamu moja usipite theluthi ya majani yote ya mmea. Machipukizi makubwa yenye maua tayari unaweza kuyakata ncha, ukaacha jani moja na kichala chake.

Nyanya fupi za kichaka, zile zinazoacha kukua zenyewe, haziguswi namna hii. Ondoa machipukizi yaliyo chini ya kichala cha kwanza tu. Matunda yao yanabebwa na matawi ya pembeni. Ukiyaondoa umeondoa mavuno.

Majani yamejikunja siku mbili baada ya kupogolea

Majani ya chini na ya katikati yanajikunja kwenda juu, magumu kidogo, bado ya kijani, hayana madoa. Huu ni mshtuko wa kawaida. Majani yaliyobaki yanapokea mwanga ambao hayakuuzoea na sukari inajaa ndani yake kuliko inavyosafirishwa. Punguza nguvu ya taa kwa robo kwa siku tatu, usiongeze mbolea, na yaache. Mengi hayatarudi kunyooka, lakini yanafanya kazi vilevile.

Ikiwa yaliyojikunja ni ya juu tu, na kingo zimepauka, taa iko karibu mno. Weka mkono wako na kipimajoto kwenye usawa wa ncha: LED inaweza isiwe ya moto na bado ikachoma kwa mwanga. Inua sentimita 10.

Majani yanayoning'inia yakiwa yamevimba na udongo umelowa, tafsiri yake ni nyingine kabisa. Umepunguza majani lakini hukupunguza maji. Mmea uliopoteza theluthi ya majani hautanywa lita zilezile ulizokuwa ukiupa jana. Nyanyua ndoo kabla ya kumwagilia. Ikiwa bado nzito, subiri.

Matunda yanapasuka mara tu baada ya kukata ncha

Ni kosa hilohilo la maji, ila hapa linajitokeza kwenye tunda. Mizizi inasukuma, majani ya kupumua maji hayo ni machache, tunda linapokea ziada na ganda haliwezi kutanuka. Baada ya kukata ncha, punguza maji kwa robo hivi na uyagawe mara nyingi kwa kiasi kidogo. Usimwagilie saa mbili za mwisho kabla taa hazijazimwa.

Kukata ncha kwenyewe kufanywe kwa hesabu. Kuanzia ua mpaka tunda kuiva ni wiki 6 hadi 8. Hesabu wiki hizo kurudi nyuma kutoka siku unayotaka kumaliza, na siku utakayoangukia ukate ncha ukiacha majani mawili juu ya kichala cha mwisho. Majani hayo mawili yanakikinga kichala na kukilisha. Wanaokata juu ya maua moja kwa moja hupata matunda madogo yaliyochomwa na taa.

Maua yanadondoka

Okota ua lililodondoka utazame kikonyo chake. Ukiona limekatikia kwenye kile kifundo kidogo katikati ya kikonyo, mmea wenyewe ndio umeliacha. Sababu iko kwenye orodha fupi.

Joto ndilo la kwanza. Juu ya nyuzi 32 mchana, au juu ya nyuzi 24 usiku, chavua inaharibika. Chini ya nyuzi 13 usiku haikomai vizuri. Hema dogo lina ugonjwa wa kupanda joto kwa dakika chache feni ikizimika, hivyo tumia kipimajoto kinachohifadhi kiwango cha juu na cha chini, na ukitundike kwenye kivuli cha jani, usawa wa maua. Kikipigwa na taa moja kwa moja kitakudanganya. Kama chumba kina joto mchana, pindua ratiba: taa ziwake usiku.

Unyevu wa hewa unafuata. Asilimia 60 hadi 70 ni nzuri. Ikipita 80 chavua inagandamana na haitoki. Ikishuka sana chini ya 50 inakauka kabla ya kushika.

Halafu kuna mtikisiko. Ua la nyanya lina dume na jike ndani yake, lakini chavua imefungwa kwenye mrija na inataka kutikiswa ndipo imwagike. Nje, upepo na nyuki wakubwa wanaotetemesha misuli ya kifua hufanya kazi hiyo; ndani ya hema, feni peke yake haitoshi. Gusa nyuma ya kikonyo cha kichala kwa mswaki wa umeme, sekunde mbili au tatu, kila siku ya pili, katikati ya saa za mwanga. Petali zikishajigeuza nyuma na kunyauka huku kikonyo kikibaki kijani, tunda limeshika.

Na mwisho ni mkasi. Usipogolee majani katika wiki ambayo kichala kinafunguka. Kama maua ya kichala kimoja tu yamedondoka na vya juu yake viko salama, rudi kwenye kalenda: mara nyingi utakuta uliupogolea mmea siku tano au sita kabla.

Kichala kimepinda na kukunjika kwenye shingo

Mwanga mdogo hutoa shingo ndefu na laini, halafu matunda yanaikunja. Punguza matunda yabaki manne au matano kwa kichala kwa nyanya kubwa, ukiondoa yale ya mwisho kabisa yakiwa saizi ya njegere. Kichala kizito kifunge kwa kamba yake peke yake; usikining'inize kwenye jani.

Kitako cha tunda kinaoza

Doa jeusi, bapa, kavu upande wa chini wa tunda. Kalsiamu haikufika. Karibu kila mara iko kwenye udongo, ila imeshindwa kusafiri, kwa sababu husafiri na maji, na maji huenda pale yanapopotea kwa wingi: kwenye majani makubwa. Kukausha ndoo kisha kuifurikisha ndiko chanzo kikuu. Ndoo ndogo inazidisha. Nyanya ndefu inataka lita 15 hadi 20. Chumvi nyingi kwenye maji ya mbolea nayo huzuia mizizi kunywa, kwa hiyo EC (kipimo cha chumvi iliyoyeyuka kwenye maji) ikipita 3.5 ishushe.

Mkasi una sehemu yake pia. Kuondoa jani moja au mawili makubwa yaliyo jirani na kichala hupunguza ushindani wa maji. Kunyunyizia kalsiamu kwenye majani hakusaidii sana, maana haihami kutoka jani kwenda tunda. Toa matunda yaliyooza, hayaponi.

Kidonda cha kupogolea kimekuwa kahawia na kina manyoya ya kijivu

Huo ni ukungu wa kijivu. Unahitaji kidonda kibichi, hewa iliyotulia na unyevu mwingi, na hema dogo linakupa vyote vitatu bila juhudi. Kata majani mwanzoni mwa saa za mwanga ili vidonda vikauke kabla ya giza. Feni ipulize chini ya majani, si juu tu. Sehemu iliyoshika kwenye shina ikwangue mpaka ufike kwenye rangi safi, ikaushe, na uondoe majani yaliyokatwa nje ya hema siku hiyohiyo.

Usafi wa vifaa unategemea unachokiogopa. Spiriti ya asilimia 70 inatosha kwa bakteria na kuvu. Virusi vya jamii ya mozaiki ya tumbaku haviogopi spiriti. Hivyo vinahitaji klorini, sehemu moja ya klorini ya kufulia kwa sehemu tisa za maji, mkasi uloe dakika kadhaa kisha usuuzwe usipate kutu. Mvuta sigara anawe mikono kwa sabuni kabla ya kugusa nyanya au hoho. Tahadhari hii si ushirikina: virusi hivyo huishi kwenye tumbaku iliyokaushwa.

Vipele vyeupe chini ya jani

Vinafanana na mayai ya wadudu lakini havikwanguki. Ni seli za jani zilizovimba. Baadhi ya aina za nyanya hufanya hivyo chini ya LED isiyo na miale ya urujuanimno, hasa unyevu ukiwa juu. Ongeza hewa, punguza maji ya jioni, na usikate majani hayo eti ni magonjwa. Ukiyaondoa, yatakayofuata yataota vilevile.

Shina limevunjika wakati wa kulipinda

Kwa upande wa saa za kufanya kazi, kupinda ni kinyume cha kupogolea: subiri mwisho wa saa za mwanga, kabla ya kumwagilia, shina likiwa limelegea. Pinda sehemu changa, sentimita 15 za juu, kidogo leo na kidogo kesho. Likikunjika lakini nyuzi zimeshikana, lirudishe mahali pake, weka kijiti pembeni, zungushia utepe, na liache siku 7 hadi 10. Litatoa kifundo kigumu kuliko shina lenyewe. Likikatika kabisa na hiyo ndiyo ilikuwa ncha, chipukizi la juu lililobaki lifanye ncha mpya. Utapoteza wiki moja na nusu hivi.

Kamba nayo huvunja polepole. Kitanzi cha kwanza kiwe na nafasi ya kupitisha kidole, kwa kuwa shina litanenepa.

Hoho na pilipili: pale zinapotofautiana na nyanya

Hoho hugawanyika yenyewe kuwa matawi mawili au matatu, kwa kawaida baada ya majani 8 hadi 13, na ua la kwanza hutokea kwenye njia panda hiyo. Ua hili, tofauti na la nyanya, liondoe. Tunda lake hukaa katikati ya panda, hulipasua likikua, na husimamisha mmea ukiwa bado mdogo. Ondoa pia machipukizi yote chini ya panda, ila majani makubwa ya hapo yaache mpaka yapate kivuli yenyewe.

Hoho iliyokatwa ncha hudumaa wiki moja hadi mbili. Hilo linavumilika kwa pilipili kali za kichaka zilizokatwa juu ya jani la sita au la nane. Kwa hoho kubwa halina faida yoyote, kwani mmea ungegawanyika bila msaada wako. Chagua matawi mawili yenye unene sawa, yafunge kwa umbo la V, na kila tawi la pembeni likate ukiacha jani moja na tunda moja.

Panda likianza kupasuka, funga matawi yote mawili pamoja juu kidogo ya ufa na uyategemeze kwa kamba kutoka juu. Mti wa hoho ni mgumu lakini hauna unyumbufu. Usijaribu kuupinda kama nyanya.

Ncha ya hoho ikikunjamana, majani mapya yakawa membamba, ya kung'aa na kama ya plastiki, wengi hukimbilia kalsiamu, wengine hukata ncha na kungoja mpya. Chukua lenzi ya kukuza mara 20 au zaidi utazame chini ya jani changa. Ukiona vidudu vyeupe vinavyopitisha mwanga na mayai yenye vidoti vyeupe, ni utitiri mdogo usioonekana kwa macho, na kila ukipogolea unaubeba kwa mikono mpaka mmea wa pili. Kata ncha zilizoathirika uzifunge kwenye mfuko, tibu kwa salfa ya kunyunyizia taa zikiwa zimezimwa na joto likiwa chini ya nyuzi 28, rudia kwa muda uliotajwa kwenye lebo, na mmea huo uwe wa mwisho kuguswa. Usiipige salfa ndani ya wiki mbili za mafuta ya mwarobaini au mafuta mengine, vikikutana huunguza majani.

Kama hakuna utitiri na mimea yote imekunjamana kwa pamoja tangu ulipobadilisha udongo, ishuku samadi: dawa za magugu za jamii ya homoni hupita tumboni mwa ng'ombe aliyekula nyasi zilizopuliziwa na hubaki kwenye kinyesi. Panda maharage kwenye kikombe cha udongo huo. Majani yake ya kwanza yakitoka yamejikunja, badilisha udongo wote.